Kuzamia kwenye matumbawe Mombasa: masikio, pumzi na safari ya kurudi Nairobi

Nina mafua kidogo. Naweza kushuka na wenzangu?
Subiri yaishe. Mafua huziba njia ya hewa kati ya koo na sikio, na ukishuka presha ya maji hulikandamiza sikio. Hata mzima lazima azibue: bana pua, puliza kwa upole, rudia kila nusu mita kabla maumivu hayajaanza. Likigoma, panda mita moja ujaribu tena. Likikataa kabisa, mwashirie kiongozi mrudi juu. Ukilazimisha, kiwambo cha sikio kinaweza kupasuka, maji yaingie, upate kizunguzungu hukohuko chini. Dawa ya kuzibua pua isikudanganye, maana huweza kuisha nguvu ukiwa majini.

Kwa nini tunakatazwa kuzuia pumzi?
Hewa uliyovuta kwenye kina cha mita 10 hutanuka mara mbili ukifika juu. Ukiifungia, mapafu hupasuka. Pumua mfululizo, panda usizidi mita 9 kwa dakika, tulia kwenye mita 5 kwa dakika 3.

Tukizamia Nyali Jumapili mara mbili, treni ya usiku ina shida?
Ina shida, tena kubwa. Watu hujihadhari na ndege wakasahau mlima. Mtungi una hewa ya kawaida, ambayo karibu asilimia 79 ni naitrojeni. Chini ya presha gesi hiyo huyeyuka mwilini, na huchukua saa nyingi kutoka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Voi tu umeshapita mita 500. Hewa ikiwa nyepesi, naitrojeni hufanya mapovu kama soda iliyofunguliwa. Kwa hiyo chukulieni treni, basi na ndege sawasawa: baada ya kuzamia mara moja ngojeni angalau saa 12, mkizamia zaidi ya mara moja, angalau saa 18. Tunashauri mzamie Ijumaa na Jumamosi asubuhi, Jumapili muogelee juujuu tu.

Dalili za mapovu ni zipi?
Maumivu ya bega au goti, ganzi, ngozi kuwasha, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu, miguu kulegea. Nyingi hujitokeza ndani ya saa 24. Mlazeni mgonjwa chali, mpeni oksijeni tupu kwa barakoa, mkimbizeni hospitali na msimrudishe majini hata akisema amepata nafuu. Daktari aambiwe kina, dakika mlizokaa chini na saa mliyotoka. Kabla boti haijang'oa nanga, ombeni mwonyeshwe mtungi wa oksijeni na geji yake. Mtungi ukiwa mtupu, msiondoke.