Wavu mzito si faida: kamba wa Ghuba ya Ungwana

Wengi wakiona trola, yaani meli inayokokota wavu chini ya bahari kuvua kamba, likipandisha wavu uliofura katika Ghuba ya Ungwana karibu na Malindi, Kenya, husema, "Hao wamevuna mamilioni." Sivyo. Wavu ule ukimwagwa sitahani, utaona samaki kama chaa wadogo, fumi na taa, pamoja na kaa na matope ya Mto Sabaki na Tana. Kamba huwa ni sehemu ndogo tu ya uzito. Hata hivyo, kamba hao wachache ndio wanaolipa mafuta, barafu na mabaharia. Mafuta hasa, kwa sababu kukokota wavu mzito chini ya bahari kwa saa kadhaa hula dizeli vibaya mno. Samaki wengine huongeza mzigo, huwaponda kamba na kurefusha kazi ya kuchambua.

Samaki hao wakiwa wakubwa huuzwa. Wachanga hutupwa baharini, wengi wakiwa wamekwisha kufa, na hapo ndipo panaponiuma: ni samaki ambao mvuvi wa mtumbwi angewavua mwakani.

Wala kuongeza meli hakuongezi kamba. Maisha yao ni mafupi, hukulia mikokoni, na wingi wao hutegemea sana mvua na maji ya mito. Meli zikizidi, hugawana kamba walewale huku kila moja ikichoma mafuta yake.

Baada ya mvutano mrefu na wavuvi wadogo, waliolalamikia pia nyavu zao kukatwa, Kenya ilisimamisha uvuvi wa matrola mwaka 2006. Uliporudi 2011, matrola yalitakiwa kukaa nje ya maili 3 za baharini kutoka pwani na kutovua usiku.