Je, wajua kwa nini programu iliyojengwa kwenye laptopu hugoma kwenye Raspberry Pi ya zamani?

Raspberry Pi ni kompyuta ndogo iliyo kwenye bodi moja. Ya kwanza ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, na hapa Dar es Salaam bodi za kizazi hicho bado utazikuta mikononi mwa watu. Mwanafunzi karithi moja kwa kaka yake aliyemaliza chuo cha DIT, fundi wa Kariakoo kabakiwa na moja mradi ulipofungwa, mwingine kaipata kwa bei ya kutupa kwa jirani aliyekuwa anahama. Prosesa yake inakwenda kwa 700 MHz. Memori ni MB 256 kwa zile za mwanzo, na MB 512 kwa zile za aina ya Model B zilizotoka kuanzia Oktoba 2012. Ukiweka namba hizo mbele ya simu ya leo utacheka, ila kwa kazi ya kusoma kihisio kimoja usiku na mchana zinatosha na kubaki.

Shida huanza mwenye bodi anapotaka kuandika programu yake mwenyewe. Tuseme ni programu ya lugha ya C ya kupima kina cha maji kwenye simtanki lililoko juu ya nyumba kule Kimara, ili pampu izimwe tanki likijaa. Anaiandika kwenye laptopu yenye Ubuntu, anasakinisha kompaila ya ARM (familia ya prosesa iliyomo kwenye Pi), anaijenga bila kosa hata moja, anaihamishia kwenye bodi na kuiendesha. Bodi inajibu maneno mawili tu: `Illegal instruction`. Yaani, nimepewa amri nisiyoijua. Anajenga upya, jibu ni lile lile. Anaweka kando mambo ya tanki na kuandika programu ya mistari mitano ya kutoa salamu tu. Jibu ni lile lile.

Programu haina kosa, na bodi ni nzima. Tatizo ni kwamba vitu hivi viwili si vya rika moja.

Prosesa haisomi C. Inachosoma ni namba, na kila namba ni amri: jumlisha, hamisha, linganisha, ruka. Kazi ya kompaila ni kugeuza ulichoandika kiwe mlolongo wa amri hizo, na ili ifanye hivyo lazima ijue prosesa lengwa inafahamu amri zipi. Familia ya ARM imekuwa ikiongezewa amri kizazi hadi kizazi. Pi ya kwanza ina chipu ya Broadcom BCM2835, na kiini chake ni ARM1176JZF-S cha kizazi cha ARMv6. Kompaila ya ARM unayoipata Ubuntu imepangwa kuzalisha amri za ARMv7. Humo mna amri ambazo ARM1176 haijawahi kuziona: `movw` na `movt` zinazopakia namba kubwa kwa vipande viwili, `dmb` inayohakikisha memori inasomwa na kuandikwa kwa utaratibu, na seti nzima ya Thumb-2 inayobana amri ili programu ichukue nafasi ndogo. Prosesa ikikutana na amri isiyo yake haibahatishi. Inasimama na kuita keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na keneli inaiua programu papo hapo.

Sasa mbona mfungashaji wa kompaila hakutuonya? Hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe, na ndipo watu wengi wanapopotelea.

Ukiangalia jina la kompaila ile utaona `arm-linux-gnueabihf`. Ukiangalia kompaila iliyomo ndani ya bodi yenyewe, jina ni hilo hilo, herufi kwa herufi. Herufi mbili za mwisho, hf, zinaeleza kwamba namba zenye desimali hupitishwa kwenye rejista (visanduku vidogo vya namba ndani ya prosesa) za kitengo maalumu cha hesabu hizo. Hazisemi chochote kuhusu kizazi cha amri. Ni sawa na ubao wa daladala: unakwambia gari linaishia wapi, haukwambii linapita barabara gani.

Mgongano huo una historia yake. Debian, mfumo ambao Ubuntu umejengwa juu yake, walipoandaa toleo lao la armhf (yaani ARM yenye hf), waliamua kiwango cha chini kiwe ARMv7 chenye kitengo cha desimali cha VFPv3. Uamuzi huo ulikuwa wa maana, kwa sababu bodi nyingi mpya za wakati ule zilikuwa na uwezo huo. Pi ikatua sokoni ikiwa na ARMv6 na VFPv2, daraja moja chini. Watumiaji wa mwanzo walilazimika kutumia Debian ya armel, inayokwenda bila shida kwenye ARMv6 lakini inayofanya hesabu za desimali kwa kuzungukia programu, huku kitengo cha hesabu kimekaa bure ndani ya chipu. Mwaka 2012 Mike Thompson na Peter Green wakaamua kuchukua maelfu ya vifurushi vya Debian na kuvikompaili upya kimoja kimoja kwa ajili ya ARMv6 yenye VFPv2. Ndipo Raspbian ilipozaliwa. Jina la armhf likabaki lile lile, na kwa hiyo tukawa na armhf mbili: moja ya Debian na Ubuntu, nyingine ya Raspbian. Programu ya Raspbian itaendeshwa na bodi ya ARMv7 bila tatizo. Kinyume chake hakiwezekani.

Mtu mwenye uzoefu kidogo atasema: basi iambie kompaila itoe amri za ARMv6. Ukiongeza `-march=armv6` kwenye kompaila ya Ubuntu, unakaribishwa na malalamiko kuhusu `Thumb-1 hard-float VFP ABI`, kwa sababu kompaila hiyo imezoea kutoa Thumb, na Thumb ya ARMv6 haiendi pamoja na mtindo wa hf. Unaongeza `-marm`, malalamiko yanakwisha, programu inajengwa. Unaipeleka kwenye bodi: `Illegal instruction`.

Hili ndilo linalowakatisha watu tamaa, na sababu yake ni kwamba programu yako si maandishi yako peke yake. Kabla `main`, mahali maandishi yako yanapoanzia kazi, haijaitwa, kuna kipande kidogo kiitwacho `crt1.o` kinachotangulia, kinaandaa mazingira, kisha ndipo kinakukabidhi zamu. Kuna na `libgcc`, yenye kazi ndogondogo ambazo prosesa haiwezi kuzifanya yenyewe. ARM1176, kwa mfano, haina amri ya kugawanya namba nzima, hivyo kila unapoandika alama ya kugawanya bila kompaila kupata njia ya mkato, `libgcc` ndiyo inayoitwa. Vipande hivi vilikompailiwa zamani na mfungashaji wa Ubuntu, kwa ARMv7. Bendera yako ya `-march`, yaani lile chaguo uliloipa kompaila, inagusa faili zako tu, haivigusi vipande hivyo. Programu inafia mlangoni, kabla hata mstari wako wa kwanza haujafikiwa.

Ushahidi unaonekana kwa macho. Endesha `readelf -A` ukifuatisha jina la programu, kisha utafute mstari wa `Tag_CPU_arch`. Ukiona v7, hiyo ya kwako haitakwenda, kwa kuwa kiunganishi (kinachoviunga vipande kuwa programu moja) huandika kizazi cha juu kabisa kilichopatikana katika vipande vyote. Upande wa bodi tumia `uname -m`, itakujibu `armv6l`. Usiamini `/proc/cpuinfo` peke yake: kwenye Pi ya kwanza, faili hiyo inaandika `ARMv6-compatible processor`, halafu mistari michache chini yake inaandika `CPU architecture: 7`. Si masihara. Keneli hukisia kizazi kwa kuangalia muundo wa usimamizi wa memori, na ARM1176 ina muundo unaofanana na wa ARMv7. Ipo mitambo ya kujengea programu inayosoma mstari huo wa pili na kudanganyika nao.

Njia iliyonyooka ni kujenga programu juu ya bodi yenyewe. Raspbian, ambayo siku hizi inaitwa Raspberry Pi OS, ina `build-essential`, kifurushi kinacholeta gcc, asembla, kiunganishi na make kwa pamoja. Ukiendesha `gcc -v` utaona imeandikwa `--with-arch=armv6 --with-fpu=vfp --with-float=hard`. Hapo umefika nyumbani: kompaila, `crt1.o`, `libgcc` na maktaba zote ni za rika moja na prosesa.

Kama kadi yako bado ina Wheezy au Jessie, matoleo ya zamani ya Raspbian, apt (amri ya kusakinisha vifurushi) itakurudishia kosa la 404 kwa sababu vifurushi hivyo vilishahamishwa kutoka mahali pake pa kawaida. Mimi nisingepoteza jioni kumfufua mzee huyo. Pakua Raspberry Pi OS Lite ya 32-bit. Hata toleo la Bookworm la mwaka 2023 linakubali ARMv6, faili yake ni karibu nusu GB, na mwenye bando la usiku ataimaliza akiwa amelala. Ile ya 64-bit iache, haitawaka kabisa. Na kumbuka Model B ya mwanzo hutumia kadi kubwa ya SD, si zile ndogo za simu, ingawa adapta inafanya kazi.

Kinachofuata ni memori. Programu ya kupima tanki itajengwa kwa sekunde chache, lakini ukijaribu kitu kikubwa cha C++ utaona neno `Killed` bila maelezo mengine. Keneli imeishiwa memori na imemtoa kafara mlaji mkubwa, naye ni kompaila. Chipu hii humegea sehemu ya memori kwa ajili ya picha, na bodi isiyo na skrini haihitaji sehemu kubwa, kwa hiyo weka `gpu_mem=16` kwenye `config.txt`. Swapu, yaani sehemu ya kadi inayosaidia memori, kwa kawaida ni ndogo; kwenye Bookworm na matoleo ya nyuma yake iongeze kupitia `CONF_SWAPSIZE` ndani ya `/etc/dphys-swapfile`, kisha uirudishe kazi ikiisha, maana kadi ya SD haipendi kuandikwa mfululizo. Make iache ifanye kazi moja kwa wakati. Prosesa ni ya kiini kimoja, kwa hiyo kuipa kazi nne sambamba ni kuigombanisha bure.

Halafu kuna saa. Bodi hii haina saa yenye betri. Umeme ukikatika, ukirudi inaamka na saa iliyoihifadhi mara ya mwisho, na bila intaneti inabaki nyuma hivyo hivyo. Make huamua nini kijengwe upya kwa kulinganisha saa za faili. Ukinakili faili pamoja na saa zake kutoka laptopu kwenda kwenye bodi iliyobaki nyuma kwa siku mbili, faili zako zinakuwa zimetoka kesho kutwa. Utaona `Clock skew detected`, na unaweza kuendesha programu ya zamani ukidhani ni mpya. Andika `date` kabla ya kuanza. Ni tabia ndogo inayookoa muda mwingi katika mji wenye umeme wa kuja na kuondoka.

Wapo watakaotaka kubaki na laptopu, na wana haki. Kujenga keneli juu ya Pi ya kwanza huchukua saa nyingi mno. Hapo unahitaji kompaila iliyojengwa mahususi kwa ARM1176, pamoja na `crt1.o` na maktaba zake. Programu ya crosstool-NG inakujengea seti nzima ukiieleza prosesa, kitengo cha desimali na mtindo wa hf. Angalia kitu kimoja zaidi: glibc, maktaba kuu ya C. Programu iliyounganishwa na glibc ya zamani huendeshwa kwenye mpya, lakini si kinyume. Ukiunganisha na toleo la 2.34 la Agosti 2021 au jipya zaidi, halafu bodi yako ina Buster (toleo jingine la zamani la Raspbian) yenye 2.28, utaambiwa `GLIBC_2.34` haikupatikana. Amri ya `ldd --version` kwenye bodi inakupa kikomo chako. Wanaoandika kwa lugha ya Go wanapumua zaidi: `GOARCH=arm GOARM=6` inatosha, mradi programu haichanganyi C.

Kabla ya kuhamisha, ijaribu kwenye laptopu kwa `qemu-arm -cpu arm1176`; qemu ni programu inayoigiza prosesa nyingine. Usiposema `-cpu`, qemu itajifanya prosesa yenye uwezo wote na kuipitisha hata programu ya ARMv7.

Lipo kosa moja linalofanana na haya, lakini chanzo chake ni kingine kabisa. Gcc ikianguka yenyewe katikati ya kazi na kuandika `internal compiler error: Segmentation fault`, ukirudia ikaanguka mahali pengine, ukirudia tena ikapita, acha kukagua bendera. Kosa la programu hujirudia palepale, linalohamahama mara nyingi ni la vifaa. Chukua multimita (kifaa cha kupimia volti), kwenye Model B tafuta vidoa vya TP1 na TP2, pima kati yake wakati bodi inafanya kazi. Usomaji uwe kati ya volti 4.75 na 5.25. Ukiwa chini ya hapo, badilisha kwanza waya wa USB kabla ya kulaumu chaja, kwa sababu waya mwembamba wa simu hupoteza volti njiani hata chaja ikiwa nzima.