Uchaguzi mkuu wa Nauru: yanayodhaniwa na yalivyo

Nauru ni kisiwa kimoja cha kilomita za mraba 21 katika Bahari ya Pasifiki. Kila baada ya miaka mitatu raia wake wenye umri wa kuanzia miaka 20 huchagua wabunge 19 kutoka majimbo manane: Ubenide hutoa wanne, Meneng watatu, na majimbo sita yaliyobaki wawili wawili. Kupiga kura ni lazima kisheria. Kwa udogo huo wengi hudhani mambo yake ni mepesi, na hapo ndipo wanapokosea.

Dhana: Wananchi humchagua rais.

Hawamchagui. Wao huchagua wabunge tu, na wabunge wakishaketi humchagua rais miongoni mwao. Rais naye ana jimbo lake la kutetea kama mbunge mwingine yeyote. Mwaka 2019 Rais Baron Waqa alishindwa kule Boe, na urais ukamponyoka. Bunge likamchagua Lionel Aingimea. Oktoba 2023 Rais Russ Kun aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani, David Adeang akashika nafasi, bila uchaguzi mkuu wowote kuitishwa.

Dhana: Namba 1 ndiyo kura yenyewe, nyingine ni mapambo.

Hii ndiyo inayopotosha watu kuliko zote. Mpiga kura wa Nauru haweki alama moja tu kama tulivyozoea Tanzania au Kenya. Anaandika namba mbele ya kila jina, kuanzia 1 mpaka mgombea wa mwisho. Wakati wa kuhesabu, namba 1 humpa mgombea alama 1 kamili, namba 2 nusu, namba 3 theluthi, namba 4 robo, namba 5 sehemu moja ya tano, na kuendelea hivyo hivyo. Alama zote hujumlishwa, ndiyo maana matokeo rasmi hutoka na desimali. Kwenye jimbo la viti viwili, wawili wenye jumla kubwa zaidi ndio wabunge.

Chukua mfano wa kubuni: wapiga kura 100, wagombea watano. Mgombea A amepewa namba 1 na watu 40, lakini 60 waliobaki wamemweka mwisho. Anapata 40, na 60 × 0.2 ambazo ni 12, jumla 52. Mgombea B ana namba 1 za watu 30 tu, ila wale 70 wengine wote wamempa namba 2: 30 na 35, jumla 65. Aliyeongoza kwa namba 1 yuko nyuma kwa alama 13.

Kwa hiyo mgombea mwenye akili haishii kwa ndugu zake. Anabisha hodi hata kwa wafuasi wa mpinzani kuomba namba 2. Huko chini uzito huisha haraka: kutoka 1 kwenda 2 unapoteza nusu alama, kutoka 4 kwenda 5 unapoteza 0.05 tu. Na hakuna anayetoka mikono mitupu, maana hata unayemchukia kabisa karatasi yako inampa kitu. Unachoweza ni kumsukuma chini, na wagombea wakiwa wengi kuna nafasi nyingi za kumsukumia.

Dhana: Ni mfumo uleule wa Australia.

Ulikuwa hivyo hadi 1971. Mwaka huo Desmond Dowdall, raia wa Ireland aliyekuwa katibu wa sheria kisiwani, alileta hesabu hii ya sehemu. Ule wa Australia humtoa mgombea wa mwisho na kuhamisha kura zake, raundi baada ya raundi. Nauru hakuna anayetolewa wala kura inayohamishwa. Ni kujumlisha tu.

Dhana: Jaza unaowataka, wengine waache wazi.

Ukiacha jina moja bila namba, kura imeharibika yote.

Dhana: Nchi ndogo, serikali hupatikana usiku huohuo.

Vyama vimewahi kuundwa lakini havina nguvu. Karibu wagombea wote husimama kama wagombea binafsi, na kambi hupangwa baada ya matokeo. Mwaka 2010 bunge lilikuwa na viti 18. Uchaguzi wa Aprili ulizaa kambi mbili, tisa kwa tisa. Ukarudiwa Juni, na mkwamo ukabaki palepale. Kilichokwamisha ni kiti cha Spika: Spika hapigi kura ila pale zinapolingana, kwa hiyo kambi ikimtoa mtu wake kuwa Spika inabaki na wanane dhidi ya tisa. Nani angekubali? Ilitangazwa hali ya hatari, na mkwamo haukwisha hadi Novemba, Ludwig Scotty alipokubali kuwa Spika na Marcus Stephen akachaguliwa tena kuwa rais.

Dawa ilikuwa kuongeza kiti cha tatu Meneng, kilichoanza na uchaguzi wa 2013. Sasa kambi yenye wabunge kumi ikimtoa Spika inabaki na tisa kwa tisa, na kura ya kuamua iko mikononi mwa mtu wake.