Je, wajua kwa nini gari la umeme hujichaji likishuka kutoka Newala?

Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo anaujua mzigo wake. Ukiibana kwenye tairi usiku ili taa iwake, pedali zinakuwa nzito papo hapo. Ukiiachia, baiskeli inakuwa nyepesi tena. Ule mwanga ulikuwa unatoka miguuni mwako.

Mota ya gari la umeme nayo ni dainamo. Ukikanyaga pedali ya mwendo, betri inaipa mota umeme, mota inazungusha magurudumu. Ukiinua mguu, kazi inageuka: magurudumu ndiyo yanaizungusha mota, mota inazalisha umeme na kuurudisha kwenye betri, na ule uzito wa dainamo unapunguza mwendo wa gari. Gari la mafuta haliwezi kufanya hivyo. Likifunga breki, mwendo wake wote unageuka joto kwenye pedi na diski, kisha unapotelea hewani.

Magari mengi ya umeme humwachia dereva achague ukali wa breki hiyo ya mota. Ukiweka kiwango cha chini, gari linaserereka. Ukiweka cha juu, linashikwa mara tu unapoinua mguu, kama gari lililoshushwa gia, na mengine husimama kabisa bila breki kuguswa. Kijana mmoja anayeendesha pikapu ya korosho aliniuliza: "Mjomba, si bora niweke ya juu siku zote, umeme urudi mwingi?"

Hapana. Na sababu yake watu wa uwanda wa juu wa Makonde, ulipo mji wa Newala, wanaielewa upesi, maana zamani maji yao walikuwa wakiyateremkia bondeni na kuyapandisha kichwani. Kila ukimimina maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine, kuna yanayomwagika. Mwendo ukigeuzwa umeme, umeme ukawekwa kwenye betri, kisha ukatolewa tena uwe mwendo, kwa kawaida katika kila sehemu 100 hubaki kama 60 hadi 70. Mwendo ulioachwa uendelee kuwa mwendo haupiti katika kumiminwa huko.

Tuchukue gari la kilo 1,500 linalotoka Newala, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, kwenda Mtwara mjini. Kule kushuka tu kuna nishati ya karibu uniti 2 na nusu, uniti hizi hizi tunazonunua za LUKU. Gari la namna hiyo likitumia uniti 15 kwa kilomita 100, hizo ni kilomita 16 hivi. Si haba! Lakini ardhi inashuka taratibu kuelekea pwani, kwa zaidi ya kilomita 100, na mahali pengi mteremko wenyewe hauonekani kwa macho. Hapo nishati hiyo ifanye kazi moja tu, kulisukuma gari mbele. Weka kiwango cha chini, uliachie liserereke. Ukiona kibao cha 50 cha kijiji mbele, inua mguu mapema: kutoka 80 hadi 50 gari hilo linaweza kujisogeza mita mia kadhaa bila kula umeme.

Wala usiogope kwamba ukikanyaga breki umeme utapotea. Kwenye magari mengi ya sasa pedali ya breki huanza kwa kuitumia mota, na pedi huingia pale tu unapohitaji nguvu zaidi.

Kiwango cha juu kina mahali pake. Pale Newala, Shimo la Mungu, uwanda unakatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma, na barabara inayoshuka ukingo kama huo haina cha kuserereka. Ndiyo maana madereva wa zamani walisema shuka na gia uliyopandia. Mota inashika, pedi hazichemki, betri inapokea.

Ila betri ikiwa imejaa pomoni, haina pa kuuweka umeme, na mota haishiki vizuri. Dereva aliyezoea kushikwa anaweza kushtuka katikati ya mteremko. Kama unalala Newala na asubuhi unateremka, usichaji hadi 100. Acha nafasi ya umeme utakaorudi. Na kwenye mchanga au tope la masika punguza ukali, kwa sababu mota inashika yale magurudumu inayoyazungusha tu, na yakishikwa ghafla yanaweza kuteleza.

Kwa walio Mtwara mjini, Mikindani na Lindi kuna la ziada. Pedi zisizotumika hudumu sana, lakini hewa ya chumvi huzitia diski kutu. Mara moja moja, barabara ikiwa tupu, funga breki kwa nguvu kiasi ili pedi ziisugue ile kutu itoke.