Afisa Aliyevuka Lengo: Kautilya kwa Jicho la Mkaguzi

Wengi wanaomtaja Kautilya, mwanafikra wa utawala wa India ya kale, katika semina za uongozi humchukua kama bingwa wa ujasusi na vita, wakaishia hapo. Mimi ni mkaguzi wa hesabu, na ninachokithamini zaidi ni sehemu ya pili ya Arthashastra, kitabu cha kale cha Kisanskriti kinachonasibishwa naye, ambacho msomi R. Shamasastry alikichapisha mwaka 1909 baada ya muswada wake wa majani ya mtende kupatikana Mysore, kusini mwa India. Sehemu hiyo inahusu wakuu wa idara: hazina, maghala, ushuru, migodi, mizani na vipimo.

Humo anasema kwamba afisa anayeleta mapato pungufu anakula mali ya mfalme, jambo ambalo meneja yeyote wa leo analielewa. Lakini anayeleta mapato maradufu, anaendelea, anakula nchi. Ninavyomwelewa, ziada hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Wapo waliokamuliwa, na mwakani hawatakuwa na cha kutoa. Katika taasisi nyingi za fedha, meneja wa tawi aliyefikisha mara mbili ya lengo hupewa bonasi kabla ya yeyote kufungua majalada yake. Naamini kwa dhati kwamba ukaguzi ungeanzia hapo hapo: mikopo ilitolewa kwa nani, na mteja alielezwa nini kuhusu riba na makato kabla ya kutia saini?

Utaratibu wake wa kufunga mwaka nao ni makini. Katika mwezi wa Ashadha wa kalenda ya Kihindu (takriban Juni hadi Julai) watunza hesabu walitakiwa kufika na vitabu vilivyotiwa lakiri pamoja na salio, huku wakizuiwa kuzungumza wao kwa wao. Ubadhirifu ukishukiwa, mtunza mali, mwandishi, mpokeaji, mlipaji na aliyeagiza malipo walihojiwa mmoja mmoja, kisha tangazo likatolewa ili aliyedhulumiwa na afisa huyo ajitokeze. Mtoa taarifa iliyothibitika alipata moja ya sita ya fedha husika. Akiwa mtumishi, moja ya kumi na mbili.

Sikubaliani naye anapoagiza mawaziri wategewe vishawishi vya siri, kwa sababu mitego ya namna hiyo huua imani kazini. Ila agizo lake kwamba idara iwe na wakuu kadhaa, tena wasiokaa humo daima, ningelitetea mbele ya bodi yoyote: keshia asiyekwenda likizo miaka mitatu ndiye ninayeomba daftari lake kwanza.