Rangi inayohimili kostiki: maana yake katika sabuni isiyopikwa

Loweka rozela iliyokaushwa, maji yatatoka mekundu ya kuvutia. Yeyushia kostiki soda ndani ya maji hayo na wekundu utakuwa umekwenda kabla hujamaliza kukoroga. Kipande utakachokata kesho yake kitakuwa na rangi ya majivu, au ya strungi iliyolala. Bitiruti nayo hufanya vivyo hivyo. Wengi wanaoanza hudhani wametia kidogo, wakaongeza, wakapata kahawia zaidi. Kosa halikuwa kwenye kipimo. Walichokosa ni rangi inayohimili kostiki.

Rangi ya namna hiyo ni ile isiyogeuka inapokutana na kostiki mbichi, na ikabaki ilivyo hata sabuni ikishakomaa. Mchanganyiko ukiwa mbichi, pH yake huwa juu sana, karibu 13 au 14. Sabuni iliyokomaa hutulia kwenye 9 hadi 10, ambayo bado ni juu kuliko karibu kila kitu unachokula. Ndiyo maana rangi ya keki au ya juisi, iliyoundwa kukaa kwenye vyakula vyenye uchachu au visivyo na ukali wowote, mara nyingi hupauka au kugeuka humu. Hata ile isiyogeuka huwa na tabia ya kutembea: ukichora mstari mwekundu ndani ya sabuni nyeupe, baada ya wiki chache mstari umekuwa ukungu wa waridi.

Sabuni isiyopikwa ni ile ambayo mafuta huchanganywa na kostiki iliyoyeyushwa majini, na joto la kazi hutoka kwenye mmenyuko wenyewe. Jiko linahitajika tu kwa kuyeyusha mafuta yaliyoganda. Kostiki hapa ni hidroksidi ya sodiamu, ile ya chembe nyeupe inayouzwa kwenye maduka ya kemikali. Magadi ya kulainishia mboga za kienyeji ni kitu kingine, ni kaboneti, na hayana nguvu ya kugeuza mafuta kuwa sabuni kwa njia hii.

Kwa nini nyingine zihimili na nyingine zishindwe? Rangi ya rozela, ya tunda la zambarau au ya maua ya waridi hubadilika kila pH inapobadilika, ndivyo ilivyoumbwa. Oksidi ya chuma, kwa upande mwingine, ni kutu tu iliyosafishwa. Imeshaungana na hewa, imeshamaliza kubadilika, kostiki haina cha kuifanya. Kundi hili la madini ndilo salama kwa anayeanza: oksidi za chuma (nyekundu, njano, nyeusi), oksidi ya kromu ya kijani, ultramarini ya buluu au zambarau, na titani dioksidi nyeupe. Mkaa amilifu pia hauna shida, na udongo wa vipodozi kama kaolini ni mpole mno.

Ukinunua maika, ule unga unaong'aa, usidanganywe na mng'aro wa pakiti. Maika yenyewe haina rangi ya maana. Hupakwa rangi nyingine juu, na hiyo ndiyo itakayokutana na kostiki. Soma lebo utafute namba zinazoanza na CI (Colour Index, orodha ya kimataifa ya namba za rangi). Ukiona 77491, 77492 au 77499, hizo ni oksidi za chuma. 77007 ni ultramarini, 77288 ni oksidi ya kromu, 77891 ni titani dioksidi. Zote hizo zinafaa. Ukiona 77510, rudisha pakiti: hiyo ni buluu ya chuma na sianidi, ambayo huvunjwa na kostiki ikaacha rangi ya kutu. Buluu nzuri ya dukani ikiwa kahawia ndani ya sabuni, mara nyingi mkosaji ni huyu. Maika isiyo na namba yoyote, hata iwe rahisi vipi, ni bahati nasibu.

Namba hizohizo huzua mtego mwingine. Madukani kwetu, kuanzia Nakuru hadi Busia, kuna oksidi nyekundu ya kutia kwenye saruji ya sakafu, na bei yake inavutia. Ni oksidi ya chuma kweli, lakini haikusafishwa kwa ajili ya ngozi na inaweza kubeba risasi au aseniki. Iache sakafuni. Rangi ya nguo na ya kusukia vikapu nazo zibaki kwenye kazi zake. Kreyoni za mwanafunzi ni nta na rangi zisizotajwa. Wapo wanaozitumia, lakini hazina nafasi kwenye kitu cha kuogea.

Viungo vya jikoni navyo? Vichache vinahimili, na manjano ndiyo mfano mzuri kwa sababu hukutisha kwanza. Ikigusa kostiki hugeuka nyekundu ya tofali. Usiimwage sabuni. Kadiri ukali unavyoshuka, rangi hurudi kuwa ya haradali au chungwa. Robo kijiko cha chai kwa gramu 500 za mafuta yatosha. Ikizidi nusu, kitambaa cheupe cha kuogea kitakusimulia. Lakini jua huila rangi ya manjano upesi. Unga wa paprika hutoa chungwa lililotulia, kakao na kahawa hutoa kahawia ya kuaminika. Unga wa mlonge au mchicha hukupa kijani kizuri wiki ya kwanza, kisha huelekea khaki. Wauzaji husema "ya asili" kana kwamba neno hilo linatosha. Kostiki haiheshimu uasili.

Namna bora ya kujua ni kujaribu rangi tano kwa mkupuo mmoja. Pima kwa mizani ya gramu, si kwa vikombe: mafuta ya nazi gramu 150, mafuta meupe ya mawese gramu 200, alizeti gramu 150, kostiki gramu 72, maji gramu 145. Kipimo hiki huacha takriban asilimia 5 ya mafuta bila kugeuzwa, ndiyo yanayofanya sabuni isichome. Usibadilishe aina ya mafuta bila kukokotoa upya kostiki, maana nazi hula kostiki nyingi kuliko alizeti.

Vaa glovu na miwani, fungua madirisha. Tia kostiki ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki, kwa sababu yatachemka ghafla na kuruka. Chombo kiwe cha plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Sufuria zetu za kawaida ni za alumini: kostiki huila alumini ikatoa povu na gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Ikikurukia mwilini, suuza kwa maji mengi yanayotiririka; usihangaike na siki.

Wakati maji ya kostiki yanapoa, andaa rangi. Kabla ya kuchanganya chochote, chota gramu 15 za ile alizeti uliyoipima na uzitenge. Ukitumia mafuta ya ziada, utakuwa umeharibu hesabu. Weka nusu ya robo kijiko cha chai cha rangi kwenye kikombe, ongeza nusu kijiko cha chai cha alizeti, kisha iponde kwa mgongo wa kijiko ukiibana kwenye ukuta wa kikombe hadi isibaki hata chembe moja. Oksidi na ultramarini ndizo sugu. Unaweza kuona umepata uji laini, lakini ukipitisha kijiko kwenye karatasi nyeupe, vinukta vinajitokeza. Kila kinukta unachokiona hapo kitakuwa doa kwenye sabuni, na kikikatwa na kisu kitavuta mstari. Udongo na mkaa ni afadhali kuloweka kwa maji kidogo, maana udongo mkavu hunyonya maji ya sabuni na kuleta nyufa.

Mafuta na kostiki vyote vikifika nyuzi 40 hivi, changanya kwa blenda ya mkono, ukiiwasha na kuizima. Simama pale mchanganyiko unapokuwa kama uji mwepesi wa mtoto, usioonyesha tena mafuta yanayoelea. Gawa kwenye vikombe sita vya gramu 115 hivi, tia rangi kwenye vitano na ukoroge kwa kijiko. Cha sita kiache bila rangi. Hicho ndicho kitakachokuonyesha sabuni yako tupu ni nyeupe kiasi gani. Ukitumia mafuta ya parachichi yasiyosafishwa au mawese mekundu, msingi unakuwa na rangi yake, na buluu juu ya msingi wa njano hutoka kijani. Titani dioksidi husaidia kung'arisha, nusu kijiko cha chai kwa gramu 500 za mafuta, lakini ikizidi sabuni huwa kama chaki na huweza kutoa mishipa ya kioo inayofanana na ramani ya mito.

Katika kikombe kimoja, ile nusu ya robo kijiko ni sawa na robo tatu ya kijiko hivi kwa gramu 500 za mafuta. Kwa maika hicho ni kiasi cha kati. Kwa oksidi ni kingi, hasa nyeusi na nyekundu, punguza nusu. Dalili ya kuzidisha ni povu lenye rangi.

Mahali ulipo huingia kwenye rangi pia. Sabuni ikipata joto la kutosha ndani ya kalibu (chombo cha kugandishia), hupita hatua ya jeli: huwa kama jeli ya mafuta, nusu ya kuona ndani, kisha huganda tena. Iliyopita hatua hii huwa na rangi nzito. Isiyopita hubaki ya maziwa. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi juu ya bahari, kalibu kubwa huingia jeli yenyewe mchana wa joto, na ukiifunika blanketi inaweza kupasuka katikati. Nakuru iko juu ya mita 1,800 na usiku wake ni baridi: katikati kutaiva, kando zitabaki, na ukikata kila kipande kitakuwa na duara lililokolea katikati kama kiini cha yai. Huko funika kwa taulo mbili, au iache kabisa bila kufunika ili yote isiingie jeli. Vikombe vidogo vya majaribio hupoteza joto upesi, kwa hiyo tarajia kalibu kubwa ikupe rangi iliyokolea zaidi.

Baridi ya Julai ina hila nyingine. Mawese na nazi huganda zikigusana na kostiki iliyopoa, ukadhani sabuni imeshika kumbe ni mafuta tu yamegandamana. Rangi ikitiwa hapo hukaa kwa mabaka. Pasha polepole hadi nyuzi 40, koroga tena.

Si kila badiliko la rangi ni la rangi. Manukato yenye vanila hugeuza sabuni kahawia ndani ya siku chache. Weka manukato kwenye kikombe kimoja tu kwanza. Vumbi jeupe juu ya sabuni ni kostiki iliyokutana na hewa ikawa kaboneti. Mvuke wa birika huliondoa, au kitambaa chenye maji.

Toa kwenye vikombe baada ya saa 24 hadi 48, kisha acha zikauke kwenye kivuli chenye hewa kwa wiki nne hadi sita. Kata kila kipande nusu kwa nusu: nusu moja iache pale kivulini, nyingine iweke dirishani panapopiga jua. Wiki ya sita zilinganishe, kisha lowesha kila kipande na usugue kwenye kitambaa cheupe. Rangi iliyofanana pande zote mbili na isiyoacha kitu kitambaani ndiyo ya kununua kwa wingi.