Kopo lina tatu, dagaa wana zote tisa

"Dokta, amino ndiyo inayojenga. Chakula ni cha kushiba tu."

Nimeyasikia maneno haya hapa Mwanza, Nyakato na Kirumba, kwa mabondia, kwa waendesha baiskeli, na kwa vijana wa jimu wanaotaka kifua kabla Desemba haijafika. Mimi si dokta, ni mtaalamu wa lishe, na hilo nimeshachoka kulisahihisha. Hayo mengine sichoki, kwa sababu anayeyaamini hufanya jambo linaloniudhi kuliko yote katika kazi hii: anapunguza hela ya mboga ili anunue kopo la bisiei.

Bisiei (kwenye kopo imeandikwa BCAA) ni amino asidi tatu, yaani vipande vitatu kati ya vile vinavyoijenga protini: leusini, isoleusini na valini. Muuzaji atakwambia zimejaa kwenye misuli, na ni kweli. Atakwambia leusini ndiyo inayouamsha mwili uanze kujenga misuli, na hilo pia ni kweli. Akishafika hapo ananyamaza, anapokea hela.

Asichokisema ni kwamba protini ya misuli hujengwa kwa amino asidi 20. Kumi na moja mwili unaweza kujitengenezea. Tisa hauwezi, lazima zitoke kwenye chakula, na kopo lako lina tatu kati ya hizo tisa. Lisini, methionini, threonini, fenilalanini, triptofani na histidini zitatoka wapi kama hujala? Zitatoka kwenye misuli yako mwenyewe, inayovunjwavunjwa muda wote tumbo likiwa tupu. Mfikirie fundi mitumbwi aliyeletewa mbao tele bila msumari hata mmoja. Akihimizwa amalize mtumbwi mpya, atang'oa misumari ya ule wa zamani. Kelele za kazi utazisikia, lakini idadi ya mitumbwi haiongezeki.

Wapo wanaonijibu kwa utafiti, na napenda mtu anayejibu kwa utafiti. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza waliwapa vijana 10 waliozoea vyuma gramu 5.6 za bisiei baada ya mazoezi. Ujenzi wa protini ya misuli ulipanda kwa asilimia 22 kuliko walipopewa kinywaji kisicho na kitu. Asilimia hiyo ndiyo inayozungushwa kwenye simu zenu. Kinachoachwa ni kwamba kipimo kilikuwa cha saa chache tu, hakuna aliyepimwa kama mkono umenenepa, na watafiti wenyewe walieleza kuwa ongezeko hilo ni kama nusu ya lile lililowahi kupatikana kwa wei, yaani protini ya maziwa, yenye kiasi kilekile cha bisiei. Wei ina zote tisa. Mwaka huohuo Robert Wolfe, mtafiti wa Marekani aliyeshughulika na jambo hili kwa miaka mingi, alipitia ushahidi wote uliokuwepo. Kwa binadamu alikuta tafiti mbili tu ambapo bisiei peke yake ilipitishwa kwenye mshipa, na katika zote mbili uvunjaji wa misuli ulipungua, lakini ujenzi nao ukapungua.

Sasa tupige hesabu ya sokoni, maana hii ndiyo inayoniuma. Chukua gramu 50 za dagaa wakavu wa ziwa letu. Zaidi ya nusu ya uzito huo ni protini, tuseme gramu 28. Katika protini ya samaki, bisiei huchukua kama asilimia 18, kwa hiyo gramu zako 28 zina bisiei zinazokaribia gramu 5. Geuza kopo usome: kijiko kimoja cha kupimia kwa kawaida kinakupa gramu 5 hadi 7. Yaani sahani ya dagaa imekupa karibu kiasi kilekile cha zile tatu, ikakuongezea zile sita ambazo kopo halina, na kwa kuwa dagaa huliwa mzima na mifupa yake, na kalsiamu juu. Ukienda soko la Mwaloni na bei ya kopo moja utarudi na mfuko wa kubeba begani.

Najua tatizo liko wapi. Dagaa ni chakula cha kwa mama, hakina picha ya mtu mwenye misuli. Lakini waulize wafugaji wa kuku kwa nini wanagombania dagaa hao hao kutia kwenye chakula cha mifugo. Wanataka kuku akue, na wanajua kinachomkuza. Ushauri wangu ambao wateja wangu wameshaukariri: nunua waliokaushwa kwenye chanja, si wale wa kuanikwa mchangani, waoshe kwa maji moto, kaanga kwa mafuta kidogo na nyanya, kamulia limau. Asiyekula dagaa ana sato, ana mayai, ana maziwa ya mgando.

Kwa siku nzima hesabu haina ugumu. Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 49 zenye washiriki 1,863 waliokuwa wakifanya mazoezi ya nguvu. Faida ya kuongeza protini ilifika kikomo kwenye kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kijana wa kilo 70 anahitaji gramu 112 hivi. Mayai matatu na kikombe cha maziwa asubuhi: kama 26. Mchana ugali, dagaa gramu 50 na kikombe cha maharage: 28 na 15, na ugali wenyewe, ukiwa wa unga gramu 150, unaleta kama 12. Jioni kipande cha sato cha gramu 150 kilichopikwa: kama 35. Umevuka, na kopo hujaligusa. Tena usiyabeze maharage. Mahindi yana upungufu wa lisini na triptofani, maharage yana lisini ya kutosha, na bibi zetu walivipika pamoja bila kusoma lebo yoyote.

"Lakini bisiei inaingia haraka kwenye damu." Inaingia haraka, ndiyo. Kwani una haraka ya kwenda wapi? Misuli hubaki tayari kupokea protini kwa saa nyingi baada ya mazoezi, si dakika 30. Ukila mlo wenye gramu 20 hadi 40 za protini ndani ya saa mbili umefanya kazi yako.

Wale wa alfajiri, wanaokimbia Capri Point bila kula ili kuchoma mafuta huku wakinywa bisiei "kulinda misuli", nawaomba wachague. Ukishakunywa bisiei tumbo si tupu tena. Kama unaogopa misuli itapotea, kula yai.

Waendesha baiskeli wana lao: bisiei huondoa uchovu. Hii angalau ina historia yake. Kuanzia miaka ya 1980 wanasayansi walidhani kwamba bisiei, kwa kugombea mlango mmoja na triptofani kuingia kwenye ubongo, ingepunguza serotonini, kemikali ya ubongo inayotengenezwa kwa triptofani, na mtu angechelewa kuchoka. Ni wazo zuri kwenye karatasi. Wanamichezo walipopandishwa kwenye baiskeli na kupimwa, mara nyingi hakuna aliyekwenda mbali zaidi kwa sababu ya bisiei. Kwa safari ya saa nne barabarani unahitaji wanga, maji na chumvi. Ndizi mbivu na chupa mbili za maji zitakufikisha. Kuhusu maumivu ya misuli siku ya pili, zipo tafiti zilizoonyesha yanapungua kidogo. Kidogo hicho kama kina thamani ya hela yako, amua wewe.

Mengine nayamaliza haraka.

Glutamini kwa kujenga misuli: kwa mtu mzima wa afya anayekula vizuri, haifanyi kitu. Sehemu kubwa hutumiwa na utumbo na ini kabla haijafika kwenye misuli. Sifa yake ilitoka kwa wagonjwa mahututi, na hata huko utafiti mkubwa wa mwaka 2013 ulikuta wagonjwa waliopewa glutamini wakifa zaidi kuliko wasiopewa.

Arjinini ya kupanua mishipa: ini na utumbo huila nyingi njiani. Sitrulini ndiyo hupandisha arjinini kwenye damu vizuri zaidi, ila hata yenyewe matokeo yake uwanjani yanayumba.

Supu ya makongoro inajenga misuli: tamu, sikatai, na Jumapili asubuhi mnaweza kunikuta nayo. Lakini protini yake ni kolajeni, haina triptofani kabisa na leusini yake ni ndogo. Kunywa kwa ajili ya supu.

Protini inaharibu figo: kwa mwenye figo nzima, ushahidi haujaonyesha hivyo kwa viwango nilivyotaja hapo juu. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au presha aonane na daktari wake kwanza, asinisikilize mimi wala kocha.

Msije mkadhani napinga kila kopo. Beta-alanini, ambayo nayo ni amino asidi, ina ushahidi wake. Inaongeza kanosini, kinachopunguza makali ya asidi kwenye misuli, na humsaidia anayefanya kazi kali ya dakika moja hadi nne: mkimbiaji wa mita 800, mpiga kasia kwenye mbio za mitumbwi. Ni gramu 4 hadi 6 kwa siku, ukizigawa, kwa wiki nne hivi. Utahisi ngozi inawashawasha, usiogope. Kreatini, ambayo mwili huitengeneza kwa arjinini, glaisini na methionini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko karibu kila kitu kingine dukani. Na siyo steroidi, hata mama mkwe akisema nini.

Turudi kwenye lebo ya kopo: protini hupimwa kwa nitrojeni, na kila amino asidi ina nitrojeni. Mtengenezaji asiye mwaminifu hutia glaisini au taurini za bei nafuu, kipimo kikasoma protini nyingi. Ujanja huohuo wa nitrojeni ndio uliotia melamini, kemikali ya kiwandani yenye nitrojeni nyingi, kwenye maziwa ya watoto China, kashfa iliyofichuka mwaka 2008. Ukiona glaisini au taurini zimetajwa mwanzoni mwa orodha ya viambato vya poda ya protini, rudisha kopo kwenye rafu.

Kwa mnaoshindana, hili ni zito zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004, uliogharimiwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ulipima bidhaa 634 kutoka nchi 13. Bidhaa 94, karibu asilimia 15, zilikuwa na vitu vya jamii ya steroidi ambavyo havikuandikwa popote kwenye kopo. Kanuni za kupinga dawa michezoni hazijali nani alikuuzia: kilichokutwa kwenye mkojo wako ni chako. Bondia anayelishwa poda isiyo na alama ya kupimwa na maabara huru, kama ile ya Informed Sport, kwa sababu tu rafiki yake ameitumia na "ikamkubali", anacheza na leseni yake.

Na wewe ambaye kopo umeshalinunua, usilitupe, hela ni yako. Lichanganye na milo ambayo protini yake ni haba, uji wa asubuhi kwa mfano, au siku ya ugali na mchicha mtupu. Likiisha, njoo na hela ya kopo la pili tuandike orodha ya sokoni.